Tununuapo Motokaa Kuukuu

 

Katika barua tulizopokea mwezi huu imo moja kutoka kwa mama mmoja wa Umoja wa Mama. Asema kwamba yeye na mumewe wameweka akiba katika chama cha ushirika kwa miaka sita, na sasa wameona motokaa ndogo ya saluni, ya milango minne, yenye umri wa miaka 18. Mwenyewe aitaka Sh 420,000. Watoto ni wanne na shule i mbali. Mama huyu auliza: je, tuombe tu na kununua, au tuite fundi?

Mama, tulicheka kidogo tuliposoma, kwa maana swali hilo twalijua mno. Ombeni. Lakini fundi aje, na aje kabla ya fedha kutoka mfukoni. Sisi tuliomba bila fundi, na leo tutawaeleza yaliyotupata.

Ilikuwa mwaka wa 2016. Tulikuwa tumehamishiwa parishi moja katika kaunti ya Taita-Taveta, si mbali na Mwatate, pale barabara inapoanza kupanda milima kwenda Wundanyi. Wanaoijua barabara ile wajua kwamba ni kona juu ya kona, mlima huku na bonde kule, na gari lisilo na nguvu hutangaza udhaifu wake mbele ya watu wote. Kitinda mimba wetu alikuwa na ugonjwa wa pumu. Mchana matatu zilikuwapo, lakini pumu haingoji mchana. Kwa hiyo tulipokwisha kukopa katika ushirika na kuongeza akiba ya mama watoto, tukashuka Mombasa kutafuta gari.

Tulimpata mtu mmoja mpole, mwenye sauti ya chini, ambaye alituita Baba Kasisi katika kila neno alilosema. Gari lilikuwa limeoshwa likang'aa kama sahani ya harusi. Akatuambia kwamba mwenyewe alikuwa mama mmoja mwalimu, aliyelitumia kwenda shule na kanisani tu. (Tangu siku hiyo tumeonyeshwa magari mengi ya mama mwalimu. Ama walimu wa kike wa nchi hii wana magari kuliko serikali yenyewe, ama kuna mtu hasemi kweli.) Tulipofika injini ilikuwa tayari inanguruma. Akasema, "Nimeliwasha mapema, Baba Kasisi, nisije nikawachelewesha." Nasi tukamshukuru kwa adabu yake!

Tukalipa Sh 390,000. Kutoka Mombasa hadi Voi, mwendo wa kilomita 150 hivi, gari lilikwenda vyema. Tulipita Mariakani, tukapita Mackinnon Road, tukaimba. Katika tambarare kila gari ni zuri.

Wiki ya tatu tuliona kwamba radieta yapungua maji, wala hatuoni yanakovuja. Tukajaza. Wiki ya tano tukajaza kila asubuhi. Kisha usiku mmoja, yapata saa nane, mtoto akabanwa na kifua. Midomo yake ikageuka rangi. Tukamweka kiti cha nyuma mapajani mwa mama yake, tukaanza kupanda kuelekea hospitali ya Wesu. Kona ya nne au ya tano mshale wa joto ukapanda hadi mwisho, moshi mweupe ukatoka nyuma kama wa tanuri, injini ikagonga mara tatu ikazima. Giza. Ukungu. Sauti pekee ilikuwa ile pumzi ya mtoto ikikwaruza.

Hatutasema tulikaa pale muda gani, kwa sababu hatujui. Ikaja taa kutoka chini. Lilikuwa lori tupu, likipanda kuchukua kabichi za kupeleka soko la Kongowea. Dereva hakuuliza nauli. Mtoto alipata hewa ya mashine kabla ya saa kumi, naye sasa ni kijana mrefu kutupita sisi. Lakini mama watoto hajapita kona ile hata leo bila kunyamaza.

Asubuhi fundi wa Mwatate alifungua boneti, akafungua kifuniko cha oili, akatuonyesha. Ndani ya kifuniko palikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Akasema, "Maji yameingia kwenye oili. Gaskiti ya hedi ilikwisha kuungua zamani, Baba. Walitia dawa ya kuziba ndani ya radieta, ndiyo maana mliweza kufika hapa. Mngalifungua kifuniko hiki pale Mombasa mngaliona." Kifuniko kile hufunguliwa kwa mkono mmoja, kwa muda wa kupiga chafya. Matengenezo yalitugharimu Sh 74,000, pamoja na kuipeleka hedi ikanyoshwe kwenye mashine.

Sasa, mama uliyetuandikia, na ninyi wengine mnaofikiri jambo kama hili, tuanze na umri wa gari lenyewe. Magari mengi ya jamii tunayoyaona hapa yalitoka Japani, nchi ambayo huendesha upande wa kushoto kama sisi. Kule motokaa mpya hupelekwa kukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi ule pamoja na kodi zake ni ghali, hata wengi huona heri kuuza na kununua jingine. Serikali yetu nayo hairuhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Fanyeni hesabu basi. Gari la miaka 18 lililokuja kwa njia hiyo limekwisha kuwa Kenya miaka 10 au zaidi. Mjapani alilitunza, twakubali. Lakini habari za Mjapani zilikwisha zamani. La kuuliza ni nani amekuwa nalo katika miaka hii 10 ya mashimo, vumbi na matuta. Tena herufi za namba ya gari zinaeleza lini liliandikishwa hapa kwetu tu. Mwaka wa kutengenezwa hazisemi. Magari mawili yenye herufi zinazofuatana yaweza kupishana miaka saba kwa umri.

Na ile mita ya kilomita msiiamini kama mnavyoamini saa ya kanisa. Mwuzaji mmoja alituonyesha gari la miaka 18 lenye kilomita 92,000. Tukagawanya: ni kilomita 5,100 kwa mwaka, yaani 14 kwa siku, kila siku, tangu lilipozaliwa. Yawezekana. Mzee aliyestaafu aweza kuendesha hivyo. Lakini tulipotazama chini, mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika ukabaki chuma, usukani umekuwa laini kama mpini wa jembe la bibi, na kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja. Mita hurudishwa nyuma na mtu mwenye chombo kidogo, kwa dakika chache. Mpira wa pedali hakuna anayekumbuka kuubadilisha.

Watu hutuuliza pia, je, gari la kiwanda gani? Kila kizazi kina jina lake. Wazee wetu waliapa kwa Peugeot 504, iliyoshinda mashindano ya Safari Rally mwaka wa 1975 na tena mwaka wa 1978. Baadaye wakaapa kwa Datsun, iliyoshinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Leo wengi husema Toyota tu. Si vibaya, gari lenye jina hupata spea kila mji, na hilo si jambo dogo kwa mtu anayekaa mbali na Nairobi. Walakini jina la kiwanda ni kama jina la ukoo. Lakuambia mtu ametoka nyumba gani, halikuambii yeye mwenyewe ana tabia gani. Corolla mbili zilizotoka kiwandani siku moja, moja ikabadilishwa oili kwa wakati na nyingine ikafanya teksi kwa oili ile ile hadi ikawa lami, baada ya miaka 18 hazina undugu tena.

Nendeni kulitazama asubuhi, na mwambieni mwenyewe asiliwashe. Mkifika, wekeni mkono juu ya boneti. Kama ni moto, semeni asanteni, tutarudi kesho. Atanung'unika, mwacheni anung'unike. Injini baridi haina namna ya kuficha. Kabla ya kuwasha, fungueni kifuniko cha oili mtazame utando ule tuliousema. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili nyeusi si dhambi, lakini ikiwa nzito kama asali, jiulizeni kwa nini mtu atie oili nzito hivyo. Radieta nayo ifunguliwe ikiwa baridi tu, ama sivyo itawaunguza uso. Maji yawe na rangi ya dawa yake, yasiwe ya kutu, wala yasielee mafuta juu.

Kisha mmoja awashe na mwingine asimame nyuma. Moshi wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli inayozidi. Mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni mvuke tu, nao huisha. Lakini ule mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huo ndio uliotuzimisha sisi mlimani. Liacheni lingurume dakika 20 huku mkizungumza habari nyingine, na jicho likiwa kwenye mshale wa joto. Mwuzaji ambaye ana haraka dakika ya tano, mtazameni vizuri.

Mwendeshapo, tafuteni kilima. Tafuteni na barabara mbaya. Zimeni redio, maana kuna watu huifungulia kwa sauti kubwa kwa sababu zao. Achieni usukani kidogo mahali panyofu, mwone kama gari lavuta upande. Pindeni usukani hadi mwisho, mwende polepole mkizunguka, msikilize kama magurudumu ya mbele yalia tak-tak-tak. Kama gia ni za otomatiki, ziende kutoka mbele hadi nyuma bila kishindo, na oili yake iwe nyekundu isiyonuka kuungua. Injini nyingine zina mkanda wa taimingi, kama zile za 5A katika Corolla 110. Nyingine zina cheni, kama Corolla za NZE zilizofuata. Penye mkanda, ulizeni ulibadilishwa lini, na kama hakuna anayejua, hesabuni bei ya mpya.

Bodi nayo ina ushahidi wake. Tazameni nafasi kati ya mlango na mlango, kati ya boneti na mbawa. Kama upande mmoja yapita kidole na upande wa pili haipiti hata kucha, gari lile liligongwa. Chukueni sumaku ndogo ya watoto. Mahali palipopakwa filla haishiki. Gari lililokaa pwani liinamieni chini, maana chumvi hula kutoka tumboni huku uso ukingali mzuri. Inueni zulia la buti, tazameni tairi la akiba linapokaa. Na tangu mafuriko yale ya mwaka wa 2024, yaliyozamisha magari mengi Nairobi na kwingineko, jifunzeni kunusa. Tope kavu katika reli za viti, chuma cha chini ya kiti kilichoshika kutu, mikanda yenye mstari wa maji ukiivuta hadi mwisho: liacheni, hata kama bei ni ya kutupa. Nyaya zilizolala majini huanza kusumbua baada ya miezi, mwuzaji akiwa amekwisha kubadilisha namba ya simu.

Matairi yana tarehe zao ubavuni, tarakimu nne. Penye 2319, maana yake ni juma la 23 la mwaka wa 2019. Twamjua mtu aliyesifiwa matairi mapya kwa sababu yalikuwa na meno marefu, kumbe yalikuwa na umri wa mtoto wa darasa la sita.

Na karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye gari isomwe na macho yenu wenyewe, ilingane na ile ya logibuku, tarakimu kwa tarakimu. Jina lililoandikwa liwe la mtu aliye mbele yenu na kitambulisho chake. Tusisikie habari za binamu aliye Dubai. Likiandikwa pamoja na jina la benki, deni lingalipo. Siku hizi uhamisho hufanywa kwa mtandao wa serikali wa eCitizen, mwenye gari akiuanzisha na mnunuzi akiukubali, na hapo hapo mwaweza kuomba habari za gari katika daftari la NTSA. Fedha zisitoke zote kabla ya hilo kuanza. Tena, mama, kama mna Sh 420,000, msinunue gari la Sh 420,000. Nunueni la 340,000. Gari kuukuu lolote, hata zuri, litaomba betri, bushi, matairi mawili na oili zote katika miezi mitatu ya kwanza, nalo halitauliza kama karo imelipwa.

Mwaka wa 1970 mtaalamu mmoja wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala juu ya biashara hii hii. Wamarekani huliita gari lililofichwa ubovu wake "limau". Alieleza hivi: mwuzaji ajua hali ya gari lake, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi aogopa, naye hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zuri akisikia bei ile huona ni dharau, akalirudisha nyumbani. Mwenye gari bovu huifurahia. Basi sokoni hubaki mabovu mengi kuliko mazuri, nao wanunuzi wakigundua hivyo huzidi kushusha bei, na wazuri huzidi kuondoka. Kwa kazi hiyo alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2001, pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz. Sisi tulipoyasoma mambo hayo tulifikiri juu ya yule mtu mpole wa Mombasa. Tulidhani ametuibia sisi. Kumbe alimwibia pia mtu ambaye hatukumwona kamwe, mwenye gari zuri mtaa wa pili, ambaye hapati bei yake ya haki kwa sababu hakuna amwaminiye. Lakini tusimseme mwuzaji peke yake. Mwandishi wa Mithali alimjua na mnunuzi pia, yule asemaye gari ni bovu, ni bovu, hadi alipate kwa bei ya chini, kisha akifika kwake awaite majirani waje waone ujanja wake.

Tungependa kukomea hapo, tukiwa upande wa walioibiwa. Haiwezekani, kwa sababu mwaka wa 2022 sisi nasi tuliuza.

Gari lile lilikuwa limetutumikia miaka sita. Baada ya kutengenezwa halikuzimika tena, twalishuhudia. Ila injini iliyokwisha kuchemka hairudi kuwa kama zamani. Ilianza kunywa oili: lita moja kila kilomita 1,000, na kila asubuhi wingu dogo la samawati. Fundi akatushauri kwa wema wote, "Baba Kasisi, tutie oili nzito, na ile dawa ya chupa. Kwa wiki mbili halitatoa moshi. Atakayekuja hataona." Tulimkataza. Tulijiona wema sana kwa kumkataza.

Jumamosi moja akaja mwalimu kijana kutoka Werugha. Hakuja na fundi. Tukamwuliza, fundi yuko wapi? Akacheka, akasema, "Nikinunua kwa kasisi, fundi wa nini?" Mkewe alikuwa mjamzito, karibu kujifungua, na ndiyo sababu ya kutafuta gari. Ilikuwa saa tisa alasiri, nasi tulikuwa tumetoka mazishini na gari lile lile. Injini ilikuwa ya moto. Alipoliwasha halikutoa moshi hata kidogo. Akazunguka, akapiga teke tairi kama wafanyavyo vijana, akauliza, "Lina shida yoyote, Baba?"

Nasi tukajibu, "Gari kuukuu halikosi vishida vidogo vidogo."

Ndugu msikilizaji, katika neno hilo hamna uongo hata mmoja. Lipimeni. Ni neno ambalo mtu aweza kulisema mbele ya hakimu. Tulikuwa tunaliuza Sh 310,000, na mtoto wa pili alikuwa ameitwa chuoni mwezi ule.

Mama watoto alikuwa akileta chai. Aliiweka meza, akaingia ndani, akarudi na daftari la mazoezi, lile la kurasa 96, ambalo ndani yake alikuwa ameandika kila lita ya oili tuliyotia tangu mwaka wa 2016, kwa tarehe na kilomita, na siku ya kona ile pia ameiandika. Hakutuangalia sisi. Akasema, "Mwalimu, kunywa chai, usome hiki kwanza. Kisha urudi kesho kutwa asubuhi na fundi, kabla hatujaliwasha."

Kijana alisoma. Chai ikapoa. Alipofika ukurasa wa kona ile aliinua uso akatutazama, nasi tukatazama miti.

Tulidhani hatarudi. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu alikuwa langoni na fundi wake. Wingu la samawati likatoka, kubwa kuliko siku zote, kana kwamba limelala likijiandaa. Fundi wake akasema injini ina miaka miwili au mitatu kabla ya kufunguliwa, bodi ni nzima, chini ni kuzuri. Akatoa Sh 230,000. Tukachukua. Hasara ya Sh 80,000 ilituuma, wala hatutajifanya haikutuuma. Tuliongea na mama watoto kwa maneno mafupi mafupi kwa siku mbili, na mkopo wa karo tulioongeza tulimaliza kuulipa mwaka uliofuata. Kijana aliomba jambo moja tu, apewe na lile daftari.

Mwezi uliopita tulikuwa Wundanyi siku ya soko. Tukaliona limeegeshwa kando ya barabara, magunia mawili ya viazi nyuma, na msichana mdogo amesimama juu ya kiti akicheza na usukani. Mwalimu akatusalimu, akafungua kisanduku cha dashibodi akatuonyesha daftari. Limejaa, amelishonea jingine kwa uzi. Injini aliifungua mwaka jana. Mwandiko wa mama watoto unafika katikati ya ukurasa mmoja, kisha unaanza wake, na kila lita ameiandika.